Machozi Yaliyopanda Juu

Mucheke tu, maana bibi yangu wa ndoa ndiye alianza kucheka. Mimi ni fundi wa sinema ya misheni hapa Baraka. Juzi mchana tuliziba madirisha ya darasa kwa mablanketi, tukaonyesha mashindano ya Bazungu ya kuteleza juu ya barafu. Binti mumoja akaruka, akaanguka mbele ya bakubwa benye kumupatia alama, akalia. Bamama bakasema, "Pole, mwana!" Akasimama, akaendelea, lakini kinyumenyume, mbio, bila hata kugeuka!

Mi nikasema moyoni: filme nimeifunga vibaya. Nani anakimbiaka kisogo mbele? Nikasimamisha mashini. "Bandugu, filme ilikuwa inarudi nyuma. Sasa muone kweli!" Nikageuza kifungo. Binti akarudi pale alipoanguka, akanyanyuka kwenye barafu, akapaa, akatua kwa miguu yake. Darasa yote ikapiga makofi. Nikainamisha kichwa kama mutu mukubwa.

Padiri akauliza kutoka nyuma: "Fundi, na yale machozi yalipanda shavu, yakaingia machoni?"

Bibi yangu akaanguka kwa kicheko.

Mama muzee mumoja ndiye alijibu: "Padiri, muache ile filme ya fundi vile iko. Kwa ile yake, mutoto haanguke."