Nilipolikimbia Jengo Lililokuwa Likiyumba

Wasomaji wenzangu, nichekeni tu. Mimi ni karani katika ghorofa ya juu kabisa ya jengo refu hapa Kampala. Juzi upepo mkali ulivuma kutoka ziwani, nikaona chai inachezacheza kikombeni.

"Jengo linaanguka!" nikapiga kelele.

Ofisi nzima ikanifuata mbio ngazini hadi nje, kwenye mvua. Injinia Akello, mama aliyesimamia ujenzi wa jengo hilo, akatujia na mwavuli.

"Limeyumba kidogo, nasi tulilijenga liyumbe," akasema kwa upole. "Likikaza shingo mbele ya upepo, litapasuka."

Nilimtazama kwa heshima: kumbe kuna mtu anayeweza kuufundisha mnara kuinama!

Bosi, suti ikichuruzika maji, akauliza, "Nani alipiga kelele?"

Vidole vyote vikanielekea, hata cha mlinzi.