Siku Niliyosema Bibi Yuko Fine

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa, na uzee wote huu, natamani kujificha uvunguni mwa kitanda.

Nilikuwa kidato cha pili. Kijiji kizima kilijua kwamba nasoma Kiingereza, maana nilihakikisha kinajua. Hata mbuzi wetu niliwaamkia kwa Kiingereza. Aliyenilea ni bibi, mama yake baba, na katika miaka ile macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Zamani hakuna mwanamke aliyemshinda kuchambua uwele kwenye ungo. Sasa mawe yalimpita vidoleni, ugali wetu ukawa na mchanga, na baba alikuwa akitafuna taratibu huku akitazama pembeni ili mama yake asijisikie vibaya. Bibi mwenyewe alijua. Alikuwa ameanza kusema kwamba ungo tumpe mtu mwingine, na mimi sikupenda kumsikia akisema hivyo.

Ndipo tukasikia kuna madaktari wa macho, wageni kutoka ng'ambo, wamefika Ilongero kwa siku mbili tu. Watakaochaguliwa watapewa kadi, wakafanyiwe upasuaji mjini Singida. Tukatoka alfajiri kwa miguu, bibi ameshika ncha ya kanga yangu.

Foleni pale kituo cha afya ilikuwa ndefu, na nesi wa kutafsiri alikuwa mmoja. Akauliza kwa sauti, "Yuko mwanafunzi hapo anayejua Kiingereza?" Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza.

"Haya, wewe utamsemea bibi yako," akasema, akaenda kwa wengine.

Daktari akaja akipita kwenye mstari. Mtu mrefu, shingo imeiva kwa jua. Akainama kidogo akauliza, "How is grandmother today?"

Nikajibu kwa sauti ya kusikika mpaka getini, "She is fine, thank you, doctor!"

Sasa nikueleze, maana ninyi wa siku hizi mnasalimiana kwa dole gumba kwenye simu. Kwetu mtu akikuuliza habari, unajibu nzuri. Za watoto? Nzuri. Za mifugo? Nzuri. Hata kama ng'ombe amekufa jana, unaanza na nzuri, ndiyo heshima. Kisha mwenzako anatulia, na wewe unasema, "Ila..." Hapo ndipo habari yenyewe inapoanza. Nilikuwa nimempa daktari nzuri yangu, nami nikasimama nikingoja atulie ili nimpe ila yangu.

Hakutulia. Alitabasamu, akasema, "Very good," akaenda kwa mzee aliyekuwa nyuma yetu. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa, kanga ameivuta hadi kwenye nyusi kwa sababu mwanga ulikuwa unamuumiza. Nadhani yule daktari alituona wasindikizaji tu. Mzee wa nyuma akapewa kadi.

Ningeweza kumwita. Hatua tatu tu. Lakini sikujua mtoto wa jicho anaitwaje kwa Kiingereza, na wasichana wawili wa darasa langu walikuwa pale pale wakinitazama. Niliona heri ninyamaze kuliko kuharibu Kiingereza mbele yao. Nikamwambia bibi, "Wamemaliza. Twende nyumbani." Mwanangu, nilimdanganya bibi yangu kwa sababu ya wasichana wawili ambao leo hata majina yao yamenitoka.

Njiani alikaa juu ya jiwe kupumzika. Akaniuliza kwa Kinyaturu yule mgeni aliuliza nini, nami nilijibu nini. Nikamweleza. Nikamweleza na hili la kunyamaza, maana machozi yalikuwa yameshaanza. Nilitegemea anigombeze. Angenigombeza ningepona upesi zaidi.

Akasema, "Kiingereza chako kizuri, mjukuu wangu. Ila bado sioni."

Akanyoosha mkono atafute kanga yangu, tukaendelea na safari.

Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya wale madaktari. Nilimwomba jirani baiskeli, nikampakia bibi nyuma, nikaikokota hadi Ilongero. Wasichana walikuwepo tena. Sikupanga foleni. Nilikwenda moja kwa moja kwa yule daktari, nikasema kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba jana nilisema fine, si fine, bibi haoni mawe ndani ya uwele. Uwele sikujua unaitwaje, nikasema uwele. Watu walicheka. Daktari hakucheka. Alimfuata bibi pale kwenye baiskeli, akainua ile kanga polepole, akamtazama macho, kisha akaniangalia mimi. Akatoa kadi mfukoni.

Walianza na jicho la kulia. Siku ya kufungua bendeji, pale hospitali mjini, daktari ni yule yule, na swali ni lile lile: bibi anaendeleaje? Safari hii sikujibu. Niligeuka nikamuuliza mwenyewe, "Bibi, habari za jicho?"

"Nzuri," akasema.

Nikangoja. Daktari naye akangoja, alikuwa ameshatuzoea. Bibi alinitazama usoni muda mrefu, akashuka shingoni, akakunja uso.

"Ila wewe," akasema, "shingo hii hujaisugua tangu lini?"

Nililia na kucheka kwa pamoja. Nilipoweza kusema nikamwambia daktari, "She is fine," na lile neno likakaa mahali pake. Mwezi ule ungo ukarudi mikononi mwa mwenyewe, na baba akaanza kutafuna bila kutazama pembeni.

Nimekueleza haya kwa sababu juzi ulinipigia simu kutoka huko kazini kwako. Nikakuuliza habari, ukasema, "Fine, bibi." Sauti yako ilikuwa imekauka. Nikatulia nikingoja, wewe ukakata.

Mwanangu, hilo neno lao ni zuri, litumie. Lakini kabla hujalitoa mdomoni, mtazame kwanza huyo unayemsemea, na kama ni wewe mwenyewe, jitazame. Kama halikai, sema halikai, hata kwa maneno ya kuokoteza, hata wakucheke. Kicheko nilichokiogopa kiliisha kabla sijafika kwenye baiskeli. Na ukimuuliza mtu hali yake, awe mgonjwa au mwenzako kazini, usiwe na haraka ya kupita. Mpe nafasi amalizie.

Mungu akulinde huko uliko, akupe macho ya kuona na watu wa kukusikiliza. Akujalie siku nyingi za kusema fine na iwe kweli.

Sasa piga tena. Nikikuuliza habari, sema nzuri kama tulivyokulea, halafu usikate. Niko hapa, nangoja ila yako.