Suti Nyeusi ya Shemeji

Shemeji yangu mkubwa ni mjuaji. Ukimwambia mvua imenyesha, atakuambia alijua tangu jana. Amestaafu ukarani akabakiwa na kalamu mfukoni na kitambi, na ukoo mzima hukaa kimya akikohoa. Mimi sikai.

Mdogo wake, mume wangu, ni fundi cherehani. Chumba chetu cha mbele ndicho karakana yake: mashine mlangoni penye mwanga, meza ya kukatia, pasi, vipande vya chaki kila mahali, hata kitandani. Tepu haimtoki shingoni, anakula nayo. Nguo asiyoweza kuimaliza siku aliyoahidi haipokei, hata umbembeleze vipi. Ni mtu mwema, na ujinga wake ni mmoja tu, kumwamini kaka yake.

Mwaka huu mume wangu alipasuliwa tumbo, akatolewa uvimbe wa saratani. Kipande chake kilipelekwa maabara kutafutwa protini fulani. Majibu yalipotoka daktari alitueleza taratibu: protini hiyo ikiwa nyingi, kama ilivyo kwake, saratani huwa kali, na wengi huwarudia mapema. Lakini si wote. Ndiyo maana asikose dripu ya dawa ya saratani hata moja. Shemeji naye alikuwepo, kajipa uwakilishi wa ukoo. Alisikia mpaka hapo kwenye "wengi", masikio yakafunga ofisi.

"Kipimo kimeonyesha," aliwatangazia ndugu siku hiyohiyo, "mdogo wangu mwaka huu hauvuki."

Mume wangu akaanza kurudisha vitambaa vya watu. Dripu akazikataa.

"Nijitapishe bure ya nini, mama watoto? Kaka alikuwepo, kasikia."

"Na mimi sikuwepo?"

Nililia, nikanuna, nikamwitia hadi jirani muuguzi. Wapi! Neno la kaka limepita.

Wiki iliyofuata kaka mwenyewe akaja na mfuko. Akatoa kitambaa cheusi, kizuri kweli, akakikunjua mezani.

"Nishonee suti, mdogo wangu. Hao mafundi wengine hawajui bega."

"Ya nini, kaka?"

"Aa, shughuli tu. Ya mwisho wa mwaka."

Nilikuwa nimeshika pasi ya moto, na Mungu ndiye aliyemnusuru. Mume wangu alimpima kifua, akampima mkono, akapiga magoti kumpima mguu. Alipoinuka ameiva macho.

"Unaitaka lini?"

"Mapema, mapema. Usije ukanichelewesha," alisema shemeji, akavuta tumbo ndani apimwe kiuno.

Mtu mzima, tena msomi! Anamshonesha ndugu yake nguo ya kumzikia, na bila malipo. Nilimdharau hadi nikaona aibu kwa niaba yake, maana yeye hana hata hiyo.

Asubuhi yake mume wangu alivaa viatu bila kuaga. Nikamfuata hadi kliniki. Hata kuketi hakuketi.

"Daktari, katika hao wengi na hao wachache, mimi ni yupi?"

"Sijui, mzee wangu. Kipimo kinaniambia saratani yako ni ya namna gani. Siku yako siijui."

"Hujui?"

"Hakuna anayejua."

Akageuka kunitazama, uso wa mtu aliyetapeliwa. Kisha akakunja mkono wa shati na kukaa kwenye kiti cha dripu.

Shemeji amepiga simu leo kuulizia suti. Nimemwambia kwamba fundi ameanza dripu, kitambaa aje akichukue kama alivyokileta. Akacheka kidogo, kicheko chake cha kujua.

"Mnamtesa bure, shemeji. Mimi nilikuwepo."

Ndani mume wangu alikuwa ameinamia ndoo, anatapika hadi machozi yanamtoka. Nikamkatia simu mjuaji, nikaenda kumshika mgongo. Sijapata kufurahia matapishi ya mtu maishani mwangu kama leo.