Vitabu Vitatu vya Mama

Mwezi wa kumi na mbili Njiro, mtaa wetu hapa Arusha, inabaki na walinzi na mbwa. Majirani zangu wengi ni Wachaga, na wakishafunga mageti na kuelekea kwao Kilimanjaro kula Krismasi huwa nasikia mpaka bomba la jirani likidondosha maji. Mimi kwetu ni juu ya Tengeru tu, nusu saa kwa gari, kwa hiyo sina safari ya kujivunia. Kazi yangu ya mwisho wa mwaka ni kuchagua vitabu.

Utaratibu ni wa mama, siyo wangu. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na kila Desemba anapokea kutoka kwangu vitabu vitatu kati ya nilivyosoma mwaka mzima. Vitatu, basi. Anasema mtu akikuletea vitabu kumi ujue hajasoma hata kimoja. Naviweka mezani na ni marufuku kusema kipi nimekipenda. Anavisoma kwa muda wake, kisha siku nikipanda kule ananisomea matokeo: cha kwanza, cha pili, cha tatu, na alama kwa mia. Ndipo nami nataja changu. Cha kwanza chake kikiwa ndicho cha kwanza changu, anachinja jogoo. Miaka yote hiyo amekufa jogoo mmoja.

Mtu atasema ni mchezo. Wala. Mimi na mama hatuna maongezi mengine. Habari za talaka yangu hazitaki, habari za migomba na kahawa mimi siziwezi, na za misiba tunazimaliza kabla chai haijapoa. Tukifika kwenye vitabu ndipo tunapata la kusema. Kuna mwanamke mmoja wa kwenye riwaya, mama alinibishia habari zake mchana kutwa, kwa hasira, kama vile ni jirani aliyehamisha mpaka wa shamba.

Katikati ya mwaka huu nilimpeleka kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho, akasema. Kilichobaki kitalindwa kwa dawa, kilichopotea hakirudi. Mama aliuliza swali moja, kama ataendelea kusoma. Daktari akajibu kwa sasa ataweza herufi kubwa, kwenye mwanga mzuri. Njiani kurudi Tengeru aliulizia bei ya vitunguu mjini.

Basi Desemba ikafika, nikavitandaza vitabu vya mwaka kitandani. Huwa nina kipimo changu: kitabu kilichonijia kichwani huku naosha vyombo ndicho kizuri, vingine vilipita tu. Kwa kipimo hicho mshindi alikuwa anajulikana tangu mwezi wa tano. Ni riwaya ya dada wawili waliorithi lori moja la mchanga kutoka kwa baba yao, na kila mmoja anataka kushika usukani. Nilikisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nazivuta kurasa zisiishe. Ila herufi zake ni kama punje za ulezi. Nilisimama nacho dirishani, nikaziba jicho moja kwa kiganja, nikakirudisha kwenye rafu.

Nikachukua vitatu vyenye maandishi makubwa. Maisha ya mkunga mmoja mstaafu, kitabu cha heshima lakini kinachosha. Hadithi za watoto. Na kingine cha ufugaji wa nyuki, ambacho mpaka leo sijui nilikinunulia nini. Nilipanda Jumamosi nikiwa nimejiridhisha kabisa kwamba mimi ni mtoto mwema.

Mama alikuwa barazani na wifi yangu, mke wa kaka, wanachambua maharage. Shikamoo mama, marahaba, nikaviweka mezani. Mama alifuta mikono kwenye kanga, akakisogeza kimoja karibu na uso, akakigeuza, akachukua cha pili.

"Mwaka huu umechagua kwa rula," akasema.

Nikajifanya sielewi.

"Hiki ni cha darasa la nne. Nimekifundisha. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Cha kwanza chako ni kipi?"

"Mama, si ulisema ni marufuku kusema?"

"Leo sema."

"Kiko Njiro. Herufi zake ni ndogo mno."

Alirudi kwenye maharage. Akachambua kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo nimeshatolewa darasani."

Iliniuma. Nilitaka kumwambia ni huruma tu, nikagundua hiyo huruma ndiyo iliyomuudhi. Nikachukua ufunguo wa gari, nikakifuata Njiro. Ilikuwa siku ya soko, barabara ya Tengeru imejaa ndizi na mikokoteni, nikatukana watu wasio na kosa kwenda na kurudi. Niliporudi maharage yalikuwa jikoni na mama amehamisha kiti changu karibu na chake.

"Soma."

Sikuwa nimewahi kumsomea mtu mzima kwa sauti. Nilianza mbio mbio, akanikatiza. "Unakimbilia wapi? Hapo pana nukta." Nikaanza upya kama mwanafunzi wake. Wifi alileta loshoro, zile ndizi za kupondwa na maziwa mgando, akabaki amesimama na sufuria akisikiliza. Dada mkubwa alipouza tairi la akiba ili mdogo wake asiweze kuondoka na lori, mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Tulimaliza sura mbili, jua likawa limeshapita nyuma ya migomba.

Wifi, ana roho nzuri yule, akasema, "Mama, nitakuwa nakusomea mimi jioni. Tutakuwa tumekimaliza kabla ya mwaka mpya."

"Hapana mwanangu, wewe una ng'ombe." Akanigeukia. "Kiweke kabatini. Atanisomea mwenye nacho akija."

Nikasema, "Mama, lakini mimi huwa nakuja..." Nikaishia hapo. Anajua ninavyokuja. Krismasi, Pasaka, na mtu akifa.

"Basi nitakufa sijajua lori limebaki na nani," akasema, kwa sauti ileile aliyoulizia vitunguu.

Nikamuuliza kama Jumamosi inayofuata yupo. Akasema atakwenda wapi.

Siku hizi napanda kila Jumamosi. Tuko sura ya tisa. Nasoma taratibu, naheshimu nukta zote, na kurasa zikionekana kupungua namwambia koo limekauka, tunywe chai kwanza. Matokeo hatoi mpaka kitabu kiishe, ndiyo sheria. Jogoo wa mwaka huu, mwekundu, mnene, anazurura uani akiparua maua ya wifi.

Jumamosi iliyopita alipita mbele yetu, karibu kabisa na miguu ya mama. Mama akainamisha kichwa upande wa sauti.

"Huyo ndiye yule mwekundu?"

"Ndiye, mama."

"Haya, endelea," akasema. Nikaendelea.