Bomba la Chuma la Sakhidad

Miaka ishirini na minane Sakhidad alitengeneza kompyuta akiwa ameketi zuliani, dukani kwake mjini Quetta, na hakugusa tumbo la mashine hata siku moja kabla ya kushika bomba la chuma la maji lililopita ukutani. Baridi ya huko ni kavu. Sufu ikisuguana na zulia huzaa umeme mdogo mwilini. Mtu humchoma kidogo tu, mashine huiua. Chuma huunyonya. Mkewe, Mahgul, akimletea chai humtania, "Mke mwenza umeshamsalimia leo?"

Majira ya baridi ya mwaka huo Mahgul hakuweza kupanda hata ngazi tatu bila kuhema. Daktari Razia wa zahanati ya mtaani alikuwa na kipimo cha moyo, ila kilitumia kompyuta kuukuu, yenye tundu ubavuni la kuchomeka kadi inayoiunganisha na kipimo, tundu ambalo kompyuta mpya hazina tena. Tundu lilikuwa limelegea, na kadi imechakaa. Daktari akaagiza jipya Karachi, pamoja na kadi mpya, ya mwisho kupatikana, akampa Sakhidad: akimaliza, Mahgul apimwe wa kwanza. Hospitali kubwa foleni ilikuwa miezi mitatu.

Asubuhi ya kazi hiyo gesi ya kupashia duka joto ilikatika. Sakhidad akajitanda shali ya sufu, akashika bomba, akapiga bismillahi. Tundu alililehemu vizuri, kazi safi kabisa. Alipochomeka kadi, kitu kikamdunga kidoleni. Akapuuza. Mashine ikawaka; kadi, kimya. Akajaribu mara kumi, kisha akainua macho ukutani.

Bomba lilikuwa jeupe. La chuma lilipasuka kwa barafu mwezi uliopita, likawekwa la plastiki, na ngazi ya fundi aliishika yeye mwenyewe! Mazoea yana taabu, jamani.

Akamwambia daktari kadi ilikuja mbovu. Mahgul akaandikishwa hospitali kubwa. Wiki ya saba akashindwa kuinuka kitandani, na majirani wakasema ni mipango ya Mungu. Hilo ndilo lililomshinda Sakhidad. Akamwinamia mkewe, akamweleza yote: bomba, shali, uongo.

Mahgul akamgeuzia uso. "Kumbe mke mwenza alikufa, mzee, wala hukuniambia tukamzike."

"Nisamehe, mama watoto."

"Nifunike. Nasikia baridi."

Akamfunika shali ile ile. Mwezi wa tatu wa kungoja, matanga yakiwa yameshaanuliwa, hospitali ilipiga simu kumwita Mahgul kipimoni. Sakhidad akawaomba nafasi hiyo wampe mwingine.