Bangili ya Bidoni la Mafuta

Nilirudi Goma na sanduku moja, koleo mbili na diploma. Waliotegemea nirudi na aibu walikuja wenyewe kuisoma. Kampala sikupelekwa na mtu: asubuhi niliosha sahani za hoteli, jioni nikasomea ufundi wa mapambo, na karo nililipa kwa mikono hii hii. Leo diploma hiyo imetundikwa sebuleni kwetu Keshero, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kuiona.

Kwangu mimi hakuna kitu cha nyumbani kinachokufa. Kalenda iliyopitwa na wakati naikata vipande vyembamba, naivingirisha, inakuwa shanga. Waya wa feni iliyoungua unakuwa hereni. Na bidoni la manjano, dumu la mafuta ya kupikia, nalikata pete pana, nalainisha kingo kwa jiwe la volkano, naivika kitenge. Wanawake wa soko la Birere wakiiona bangili hiyo hawaamini kwamba imetoka jikoni.

Kwa hiyo mdogo wangu alipoposwa na kijana wa familia ya Butembo inayoishi Goma, nilisema hatanunuliwa pambo dukani. Mama alisita. Alitaka kuazima mkufu kwa jirani. Nilimwambia binti wa nyumba yenye fundi haazimi.

Vitambaa nilipata kwa mshonaji mmoja wa Birere ambaye hunijazia mfuko wa mabaki. Nikachagua kipande cha buluu iliyokoza, chenye majani meupe madogo madogo. Kwa uzuri, hakikuwa na mwenzake katika mfuko ule.

Siku ya mahari ilipofika, turubai lilifungwa uani, wakwe wakaketi upande wa ukuta, mbuzi wao wakafungwa nje ya geti. Mama mzazi wa kijana alikuwa amefariki. Dada mkubwa wa marehemu, yaani mama mkubwa wa kijana, ndiye aliyekalia kiti chake. Ndani, nilimvalisha mdogo wangu bangili kwa sabuni, maana mimi sitengenezi bangili inayochomoka ovyo. Ilikataa kwenye ngumi, akakaza meno, ikapita. Alipoitwa atoke kusalimia, upande wetu ulipiga vigelegele, nami nikasimama mlangoni nikisubiri sifa zangu.

Alimpa mkono yule mama mkubwa. Mama mkubwa akaushika, akatabasamu, akautazama, na tabasamu likakatika. Hakuuachia.

"Hii kitambaa mulitosha wapi?"

Aliuliza kwa sauti ndogo, lakini vigelegele vilizimika. Nikajongea, nikaeleza kwa adabu kwamba fundi ni mimi, kwamba nilikitoa katika mfuko wangu wa mabaki, na kwamba hicho ni kitenge cha sokoni, kinauzwa kwa kila mtu.

"Kinauzwa, ndiyo," alisema. "Na siye wote tulikivaa siku ya kumaliza kilio ya mudogo wangu. Bibi-arusi anaingia kwetu na kilio ku mukono?"

Hapo nikaelewa. Familia nzima huvaa kitambaa kimoja siku ya kuondoa matanga. Mshonaji wangu ndiye aliyewashonea, na mabaki yao yakaingia mfukoni mwangu. Nguo hiyo ikishafanya kazi yake haiendi kwenye furaha. Wanaume wa upande wao wakaanza kunong'ona kwa Kinande, lugha ya kwao. Mmoja akatazama geti, kule kwenye mbuzi. Msemaji wao, muzee aliyekuwa amesimama tayari kuanza maneno, aliketi na kufunga vifungo vya koti. Wakiondoka na mbuzi wao, mdogo wangu angebaki msichana ambaye mahari yake ilirudishwa toka uani mwa baba yake, na Goma yote ingejua kabla ya jua kuzama.

Mama mkubwa akasema itolewe. Mdogo wangu akavuta, haikutoka. Joto na hofu vilikuwa vimeuvimbisha mkono. Binti mmoja wao akacheka chini chini, akasema walisikia bibi-arusi ana dada mwenye diploma, hawakujua ni diploma ya takataka. Baba mdogo wetu akaomba kisu.

"Hapana," mama yetu alisema. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu wageni waingie. "Hakuna kisu itakata kitu ku mwili ya mutoto wangu leo."

Hata wakwe waliitikia kwa vichwa. Kukata pambo mkononi mwa bibi-arusi mbele ya mahari ni kuikata ndoa yenyewe. Basi haivuliki na haikatwi.

Nikapiga magoti. Mafundi wengine hubandika kitambaa kwa gundi. Mimi huzungusha utepe mkavu, kila mzunguko ukibana uliotangulia, na ncha naificha ndani ya mzunguko wa mwisho mahali ambapo jicho halifiki. Niliitafuta kwa ukucha. Ncha ikanitoroka. Nikamwambia aegemeze kiwiko begani kwangu. Nikaipata. Nikaanza kukunjua polepole, nikipitisha utepe kati ya ngozi na plastiki, maana ukichanika mbele ya yule mama ingekuwa balaa ya pili. Utepe ulinijaa mapajani.

Plastiki ikabaki tupu, ya manjano, na herufi za kiwanda cha mafuta zikionekana. Sasa ilikuwa imelegea, nikataka kuivua. Mama mkubwa akanizuia.

"Hii ni bidoni?"

"Ni bidoni, mama."

"Ya mafuta?"

"Ya mafuta."

Akaigonga kwa kidole. "Basi kwetu chakula haitakosa mafuta."

Muzee msemaji ndiye aliyeanza kucheka, akafungua koti, akasimama.

Yule mama aliuchukua utepe, akaukunja, akaufunga kwenye pindo la kitenge chake. Kisha akaniinamia sikioni, akataka mabaki yote kabla hajaondoka. "Na ile ingine iko mu mufuko yako. Uniletee mbele niende."

Nikaingia chumbani, nikamwaga mfuko wote kitandani. Nje walikuwa wakiingiza mbuzi, na vigelegele vya pande mbili sasa. Sikutoka. Nilichambua buluu ile kipande kwa kipande, hata vile vidogo kama ukucha, kwa sababu kazi yangu siiachi nusu.