Sanduku la Baba na Pensheni ya Mama

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilivyoizunguka nyumba ya mama yangu pale Baraka hadi majirani wakauliza nimepoteza nini. Nilikuwa na barua mfukoni. Nikifika upande wa jiko naisoma, naikunja. Nikifika upande wa pili naifungua tena, kana kwamba maneno yangebadilika njiani. Unanijua, mimi si mtu wa kukaa. Hata sasa nakuambia haya nimesimama, na mama yako ameshanikemea mara mbili kwamba nitamwaga chai.

Barua ilitoka ofisi ya pensheni, Uvira. Babu yako alikuwa fundi wa mashine katika kampuni moja huko, na alipostaafu alipokea pensheni yake kila baada ya miezi mitatu. Alipofariki, ikawa ya mama, kwa kuwa ndiye mjane wake. Sharti lilikuwa moja: kila miezi mitatu mjane afike mwenyewe, aonekane kwamba yu hai, aweke kidole, apokee. Mama alikuwa amekosa mara tatu mfululizo. Malipo yamesimamishwa, barua ilisema, na asipofika kujieleza kabla ya mwisho wa mwezi, jina lake litafutwa. Zilibaki siku tisa.

Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye kifungua mimba, mimi ndiye niliyekabidhiwa kazi ya kumpeleka. Lakini katika ukoo wetu vitu vya marehemu haviguswi mpaka matanga yaondolewe: nguo, baiskeli, hata kikombe chake. Vyote tulivifungia ndani ya sanduku lake la bati, na karatasi za pensheni nikazitia humo humo. Matanga yalimngoja baba mdogo atoke Kalemie. Baba mdogo akangoja boti, halafu akangoja mavuno, halafu akaugua mguu. Nami nikasema desturi ni desturi. Watu wakanisifu kwamba ninamheshimu baba, nikavimba kichwa. Wakati huo mama anakula sombe, yale majani ya muhogo, isiyo na mafuta, na kidonge chake cha presha anakikata nusu ili pakiti ifike mbali. Nililiona hilo kwa macho yangu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema, ila tumbo lililoumia halikuwa langu.

Badala ya kwenda kujieleza, nikatafuta njia ya mkato. Karibu na soko palikuwa na bwana mmoja mwandika barua, mwenye mihuri isiyojulikana ilikotoka. Aliniahidi karatasi ya kusema kwamba mama alikuwa amekimbia vita miezi ile yote, amevuka ziwa. Nani angebisha? Kwetu watu hukimbia kweli. Nikaona moyo umepoa kidogo, nikaenda kwa shangazi Ana anikopeshe fedha za kumlipa.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa anamenya mihogo uani. Ufunguo wa sanduku alikuwa nao yeye, ameufunga kwenye ncha ya kitenge chake. Nilimweleza yote nikitembea huku na huku. Hakuinua macho.

"Kaa chini," akasema.

Nikakaa.

"Kati ya baba yako na mama yako, nani alikufa?"

"Baba, shangazi."

"Sasa juu ya nini uko nazika bote babili?"

Nikamtajia desturi. Hapo akaweka kisu chini.

"Desturi, miye niliijua mbele ya wewe kuzaliwa. Matanga iko ya nguo na baiskeli. Ile pesa haiko ya maiti. Ndugu yangu alikuwa anaikatisha ku mushahara yake kila mwezi, juu bibi yake asilale njaa. Iko ya muntu muzima. Na hii karatasi yako ya vita! Batu balikimbia kweli, bengine tulibazika njiani. We utachukua mateso yao ufanye nayo muhuri?"

Nikatazama maganda ya mihogo. Hakuwa amemaliza.

"Kila juma uko napeleka samaki ya ndagala ku soko ya Uvira. Unapita mbele ya ile bureau ya pensheni. Juu ya nini haukuingia?"

Nililia, mwanangu, mtu mzima mwenye ndevu. Nikamwambia jambo ambalo hata nafsini mwangu sikuwa nimelikiri. Mara mbili nilisimama mlangoni pale. Nikaiona fomu iliyobandikwa ukutani, imeandikwa "mjane", nikageuka nikaondoka. Sikuweza kumwandika mama neno lile. Sanduku likiwa limefungwa, baba alikuwa kama mtu aliyesafiri tu.

Shangazi akafungua fundo la kitenge, akanipa ufunguo. "Kulia utamalizia njiani," akasema, akarudia mihogo yake.

Kesho yake tukapanda lori, mimi na mama. Karibu na Mboko likakwama kwenye matope, nami nikaanza kulizunguka. Mama alikuwa ametulia kando ya barabara na kipande chake cha muhogo wa kuchemsha. "Zunguka tu," akaniambia. "Lori haitasikia haya."

Ofisini tulimkuta karani wa kike mwenye miwani. Akauliza kwa nini hatukufika mara zote tatu. Uongo ulinipanda hadi kooni, kwa maana vita ni neno jepesi kutamka. Nikaumeza. "Karatasi nilizifungia kwenye sanduku la marehemu, nikangoja matanga," nikasema. "Mama hana kosa."

"Hauko wa kwanza," karani akasema. Akanipa karatasi niandike kila mara tuliyokosa na sababu yake, nikaambatanisha cheti cha kifo na cha ndoa. Kisha akamvutia mama kidau cha wino.

"Mama, uko muzima?"

"Niko muzima, binti yangu," mama akajibu. "Ila nyumbani balikuwa balinisahau kidogo."

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana iliniuma.

Miezi mitatu iliyofuata malipo yakafunguliwa. Kati ya zile mara tatu alizokosa, mbili za mwisho walimlipa. Ile ya kwanza waliikataa, muda wake ulikuwa umekwisha, na mpaka leo inanichoma.

Basi, mwanangu, sikia. Ukikosea jambo lenye siku yake, nenda mapema, nenda mwenyewe, sema ulivyokosea. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Usikodi uongo, kwa kuwa njia ya mwongo ni fupi, na usiifiche woga wako nyuma ya desturi. Siku mtakayonizika, lieni. Wangojeni baba zenu wadogo hata mwaka mzima, nguo zangu haziozi. Lakini mama yako usimngojeshe, maana nami baadaye niliajiriwa na pensheni yangu itakuwa yake. Miezi mitatu isipite hujampeleka aweke kidole chake. Karatasi zake ziko kwenye droo ya meza, siyo kwenye sanduku langu.

Mungu akupe moyo usiokimbia mlango, akujalie watoto watakaokumbuka walio hai kabla ya kuwalilia wafu. Sasa nyoosha mkono. Huu ni ufunguo wa droo, nakupa ningali na mkono wa kukupa. Ukishaushika, mimi nitakaa chini ninywe chai.